Rafiki wa kufa na kuzikana, safari moja ndefu ya gari mnarudi mmenuniana. Tatizo huwa ni nini?

#1 Msafiri_Kimya
Wakuu, salaam.

Una rafiki mmetoka naye mbali, hamjawahi hata kurushiana neno. Siku moja mnaamua kukatiza nchi kwa gari, wawili tu, toka upande huu mpaka ule. Mnaanza kwa vicheko. Kadiri kilomita zinavyosonga maneno yanapungua. Mwishowe mtu anakuuliza "hii njia una uhakika nayo?" na wewe moyoni unatamani umshushe palepale na begi lake.

Kinachonishangaza, hatukugombania jambo la maana. Gari halikuharibika, hela zilitosha. Tuligombania dirisha. Yeye anataka liwe wazi, mimi nataka lifungwe. Tuliporudi hatukupigiana simu kwa muda mrefu.

Dai langu ni hili: safari haimbadilishi mtu, inamfunua. Urafiki ukivunjika njiani, ujue haukuwepo. Karibuni mnipinge.

#2 Tairi Spea
Siti ya mbele kabisa. Nasubiri madereva wa malori waingie.

#3 Mama Wawili
Nakupinga mchana kweupe. Urafiki wenu ni mzima, mlikuwa hamjalala tu. Mtu ambaye hajalala hata mama yake mzazi anamkera. Mlianza safari saa ngapi?

#4 Msafiri_Kimya
Saa tisa usiku, ili tuwahi barabara ikiwa nyeupe.

#5 Mama Wawili
Haya, kesi imekwisha. Mfunge uzi.

#6 Suka Mstaafu
Mama Wawili kagusa penyewe, ila niongezee nyama. Maisha yangu yote nimekula kwa usukani. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi mwili wa binadamu unataka kulala hata kama ulilala mchana kutwa. Halafu mchana, saa nane mpaka saa kumi hivi, unadai tena. Watu husingizia chakula cha mchana, lakini hata usipokula usingizi huo unakuja.

Sisi wa malori tumewekewa sheria kwa sababu hiyo. Kule Umoja wa Ulaya, ukiendesha saa nne na nusu lazima upumzike dakika 45, na kwa siku ni saa tisa, zinaruhusiwa kumi mara mbili tu kwa wiki. Marekani dereva wa lori la mizigo mwisho wake ni saa 11 za usukani, na kabla ya hapo awe amepumzika saa 10 mfululizo. Hao ni watu ambao kazi yao ni hiyo. Wewe na rafiki yako mmetoka kazini Ijumaa jioni, mmefunga mabegi mpaka usiku wa manane, saa tisa mko barabarani. Mnategemea mheshimiane kwa nguvu zipi?

#7 Mzee wa Takwimu
Nikazie alipoishia Suka. Mwaka 1997 watafiti wawili, Dawson na Reid, walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya vibaya kwenye vipimo vya umakini kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Hicho ndicho kikomo cha dereva katika nchi nyingi za Ulaya. Kwa hiyo mleta mada, kama uliamka Ijumaa asubuhi na hukulala, saa tisa usiku ulikuwa umeshakunywa bila kunywa.

#8 Msafiri_Kimya
Nililala kidogo bwana. Msinifanye mlevi.

#9 Ngarambe
Naona mnaelekea kwenye somo la usingizi. Mleta mada kasema waligombania DIRISHA. Nimesafiri na watu waliolala vizuri, wameoga, wananukia, na bado tukaparurana.

Sababu ya kweli ni kwamba gari halina mlango wa kutokea. Nyumbani mkikwaruzana mmoja anaenda chumbani, mwingine anatoka kunyoosha miguu. Ofisini unaenda chooni. Kwenye gari umekwaruzana naye na bado kiwiko chake kiko sentimita chache toka kiwiko chako, na mbele kuna kilomita mia tatu. Ungemweka humo hata malaika.

#10 BintiRamani
Ngarambe, mbona mabaharia wanakaa miezi kwenye meli hawachinjani?

#11 Ngarambe
Nani kakwambia hawachinjani?

#12 Fundi Bila Risiti
Ngoja nirudi kwenye dirisha maana mnalidharau. Kuna kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaojizungusha ndani. Ukikibonyeza, gari linaacha kuvuta hewa ya nje, linazungusha ileile ya ndani. Watu wanakipenda kwa sababu ya vumbi na moshi, na kiyoyozi kinapoza haraka. Sasa mkikaa humo wawili kwa muda mrefu, hewa chafu mnayoitoa kwa pua inajikusanya. Nje kabonidayoksaidi ni kama sehemu 420 kwa milioni, ndani inaweza kupanda mara kadhaa ya hapo. Mnaanza kuumwa kichwa, mnakuwa wazito, mnaona kila neno ni tusi. Aliyetaka dirisha wazi huenda mwili wake ulikuwa unaomba hewa tu, wewe ukadhani anakuletea jeuri.

#13 mbishi_wa_kudumu
Fundi, gari si chupa ya soda. Lina matundu kila mahali, na likienda kasi hewa inapenya kwenye mipira ya milango.

#14 Fundi Bila Risiti
Inapenya, sijakataa. Ila gari jipya lenye mipira mizima linapenyeza kidogo kuliko hilo lako ambalo mvua ikinyesha unafungua mwavuli ndani. Bonyeza kitufe hicho kwa dakika kumi, kisha kizime kwa muda. Huhitaji hata kufungua dirisha, na ugomvi mnakuwa hamna.

#15 Tairi Spea
Kwa hiyo ndoa ngapi zimevunjwa na kitufe 😂

#16 Kiti cha Nyuma
Mimi niseme upande wa abiria maana wachangiaji wote hapa ni madereva. Dereva anajua kona inakuja, mkono wake ndio unaikata. Mwili wake umeshajiandaa kabla gari halijageuka. Abiria anayesoma ramani kwenye simu, macho yanamwambia tumetulia, sikio la ndani linamwambia tunayumba. Ubongo unapata taarifa mbili zinazopingana, matokeo yake kichefuchefu. Ndiyo maana dereva ni nadra kutapika ndani ya gari lake mwenyewe.

Sasa angalia mgawanyo wa kazi ulivyo: aliye hatarini kuugua ndiye anapewa simu aangalie njia. Kila baada ya dakika mbili anaulizwa "tunapinda wapi?" Akichelewa sekunde tatu, mmepita, dereva anaguna. Halafu huyo huyo ndiye anataka dirisha wazi na mnamwona msumbufu. Mleta mada, mwenzio alikuwa anatazama simu?

#17 Msafiri_Kimya
Ndiyo, ramani ilikuwa kwake.

#18 Kiti cha Nyuma
Asante. Sina swali lingine kwa shahidi.

#19 BintiRamani
Kiti cha Nyuma hapo umenifurahisha, ila si kila abiria anaugua. Mimi nasoma ramani safari nzima sijawahi kuhisi kitu. Kinachoniudhi ni dereva anayeuliza njia, unamwambia "kulia", anasema "una uhakika?" halafu ananyoosha moja kwa moja. Kama una majibu yako uliniuliza ya nini?

Kwa wanaougua: kaa mbele, tazama mbali barabara inapoishia, simu itoe sauti ya maelekezo na uishikize kwenye dashibodi.

#20 Jino Pembe
Nimewasoma wote. Usingizi, hewa, kichefuchefu. Mnazunguka mbuyu. Tatizo ni HELA.

Mnakubaliana "mafuta tunagawana nusu kwa nusu". Vizuri. Mwenye gari anajua moyoni kwamba mafuta ni sehemu tu ya gharama. Kuna oili, matairi yanalika, breki zinalika, na huduma ya gari itamjia mapema. Hasemi. Mwenzie naye anaona ametoa nusu nzima, kwa hiyo yeye ni mshirika kamili, ana haki ya kuweka miguu juu ya dashibodi. Basi mwenye gari akiona kile kiatu kwenye dashibodi yake, hakasirikii kiatu. Anakasirikia matairi ambayo hajalipwa. Dirisha la mleta mada ni lilelile, muulizeni gari ni la nani.

#21 Mama Wawili
Jino Pembe leo umeamka na akili. Kweli, gari la nani?

#22 Msafiri_Kimya
La kwangu. Lakini sikuwa na kinyongo na matairi.

#23 Jino Pembe
Hujui kama ulikuwa nacho.

#24 Mpenda Kale
Mnaojadili hela, kuna kisa cha zamani kinahusu. Mwaka 1903 daktari mmoja Mmarekani, Horatio Nelson Jackson, aliwekeana dau la dola 50 na watu klabuni San Francisco kwamba gari linaweza kuivuka Marekani kwa chini ya siku 90. Akanunua gari aina ya Winton na akaondoka peke yake mpaka New York, kwa siku 63. Gharama zote, mafuta, vipuri, hoteli, alilipa mwenyewe. Hakuna wa kugawana naye, hakuna wa kununiana naye. Dawa ni kwenda peke yako.

#25 Mzee wa Takwimu
Mpenda Kale, hakwenda peke yake. Alikuwa na Sewall Crocker, kijana fundi wa magari, na njiani wakapata mbwa anaitwa Bud. Vumbi lilimuumiza macho mpaka wakamvalisha miwani ya udereva. Siku 63 ni sahihi, Mei mpaka Julai. Na hela ni kweli alilipa Jackson, zilifika kama dola 8,000, kwa dau la dola 50.

#26 Mpenda Kale
Fundi ni mfanyakazi, hahesabiwi kama rafiki.

#27 Ngarambe
Na hapo ndipo palipo siri! Mmoja analipa, mwingine anatengeneza. Kila mtu anajua nafasi yake. Marafiki wawili ni mabosi wawili kwenye kabati moja.

#28 BintiRamani
Mkishamaliza na wanaume, someni habari za Alice Ramsey. 1909, umri miaka 22, New York mpaka San Francisco, siku 59, kama kilomita 6,100, nyingi zikiwa matope na njia za mikokoteni. Alibadilisha matairi 11 njiani. Alikuwa na wanawake watatu ndani ya gari na hakuna hata mmoja aliyejua kuendesha, kwa hiyo usukani wote ulikuwa wake. Na wawili kati ya hao watatu walikuwa dada za mume wake.

#29 Mama Wawili
MAWIFI?? Siku 59 na mawifi wawili ndani ya gari lisilo na madirisha? Huyo mwanamke apewe sanamu.

#30 Tairi Spea
Kubadilisha matairi 11 huku mawifi wanakuangalia. Jamani.

#31 mbishi_wa_kudumu
Hamwoni kwamba mifano yenu inaua nadharia zenu zote? Ramsey hakulala vizuri, aliendesha peke yake, mawifi pembeni, njia mbovu, na walifika. Gari lao lilikuwa wazi pande zote, kwa hiyo kitufe cha Fundi hakikuwepo. Labda ninyi wa leo mmezidi kudeka tu.

#32 Fundi Bila Risiti
Umethibitisha hoja yangu. Hewa ilikuwa nyingi, wakafika salama.

#33 Msafiri_Kimya
Naomba nifafanue kitu kimoja maana naona nahukumiwa. Niliendesha njia nzima mimi, kwenda na kurudi. Bima ya gari inanitaja mimi tu kama dereva, kwa hiyo sikuweza kumpa usukani. Yeye hakuwa na kazi yoyote ila kukaa. Mtu asiye na kazi anapata wapi haki ya kupanga dirisha?

#34 Kiti cha Nyuma
Kumbe! Ukurasa mzima tunahangaika na usingizi na kabonidayoksaidi, bwana mkubwa ameficha hili.

"Hakuwa na kazi yoyote ila kukaa." Kukaa kwenye kiti cha abiria siku kutwa, huku mtu mwingine ndiye anaamua mwendo, anaamua pa kusimama, na unamwona anasinzia, ni kazi nzito kuliko usukani. Yule abiria anakanyaga breki isiyokuwepo. Angalia mguu wake wa kulia lori linapotokea mbele: unajikaza, vidole vinajikunja ndani ya kiatu, mkono umeshika kile kishikio cha juu ya mlango mpaka viungo vimekuwa vyeupe. Hasemi kitu maana gari si lake. Kitu pekee alichobaki nacho cha kuamua ni dirisha lake. Hilo nalo ukamnyima.

#35 Mama Wawili
Nimeguswa. Mpigie simu rafiki yako.

#36 Suka Mstaafu
Kiti cha Nyuma ameongea vizuri lakini asitupake matope madereva wote. Dereva naye ana yake. Akikosea, wote mmekufa. Huo mzigo haugawanyiki nusu kwa nusu kama mafuta. Nikiwa na mtu anayeshtuka kila mara pembeni, nami naanza kushtuka. Nimewahi kumwambia mtu ahamie nyuma, na tuliendelea kuwa marafiki mpaka leo.

Ila mleta mada kuendesha peke yako kwenda na kurudi, hapana. Kuongeza jina la dereva wa pili kwenye bima kwa safari moja ni jambo la kuuliza tu kabla hujaondoka, kampuni nyingi zinafanya. Ukisinzia sekunde nne ukiwa kilomita 100 kwa saa, gari limeenda zaidi ya mita 100 bila dereva.

#37 Jino Pembe
Kuongeza jina kwenye bima kuna nyongeza ya malipo. Nani analipa? Mnaona tunarudi pale pale? HELA.

#38 Chausiku_88
Habari za humu. Nimefika kwenye uzi huu kwa kutafuta mambo ya matairi, nikacheka mpaka basi. Naondoka wiki ijayo na rafiki yangu, gari lake, safari ndefu. Tairi la nyuma lina kashata nzuri kabisa lakini fundi anasema limezeeka. Linazeekaje na bado lina meno?

#39 Fundi Bila Risiti
Chausiku, mpira unakauka hata kama gari limelala. Angalia ubavuni mwa tairi, tafuta namba inayoanza na DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2316 maana yake wiki ya 23 mwaka 2016. Usipoziona upande wa nje, chungulia upande wa ndani. Ukiona nyufa ndogondogo ubavuni, usibishane na fundi.

Upepo mpime asubuhi tairi likiwa la baridi, kabla hujatembea. Kipimo sahihi kiko kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kile kilichoandikwa kwenye tairi lenyewe ni kikomo cha juu, msijaze mpaka hapo. Tairi lenye upepo pungufu na gari lenye mzigo linajikunja sana, linapata moto, linapasuka. Spea nayo ipimwe upepo. Kama ni ile nyembamba ya dharura, soma ubavuni: mara nyingi mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa.

#40 mbishi_wa_kudumu
Fundi kwa mara ya kwanza leo sina la kupinga. Nimesoma mara mbili nikitafuta.

#41 Chausiku_88
Asante sana Fundi. Na huo ugomvi je? Nikubaliane naye nini kabla ya kuondoka?

#42 Jino Pembe
Hela. Mfungue fungu moja, kila mtu aweke sawa, mafuta na vya njiani vitoke humo. Na juu ya mafuta mpe mwenye gari kitu cha matairi, hata kama amekataa.

#43 Mama Wawili
Kulala. Usiku usiendeshe. Jua likizama mmeshapata pa kulala, na kama mnaweza chukueni vyumba viwili. Saa chache za kutoonana ndizo zinawarudishia hamu ya kuongea asubuhi.

#44 Ngarambe
Msipange chochote. Mkipanga mtagombania mpango.

#45 Mzee wa Takwimu
Mwendo. Hapo ndipo watu wanagombana bila kujua. Kwenye kilomita 600, ukienda 120 badala ya 100 unaokoa saa moja tu, tena kama hakuna foleni. Nguvu ya upepo unaoipinga gari inaongezeka kwa mraba wa mwendo, yaani karibu asilimia 44 zaidi, na tanki linaisha mapema. Mkisimama mara mbili kubishana njia, ile saa imeondoka.

#46 Suka Mstaafu
Badilishaneni kila baada ya saa mbili hata kama aliye kwenye usukani hajachoka. Akisubiri achoke ndipo aseme, atajikaza kwa kiburi. Na kahawa ikinywewa inachukua kama nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo kunywa kisha ulale dakika ishirini gari likiwa limesimama, ndipo uendelee. Kuinywa huku unaendesha na macho yamefumba nusu ni kujidanganya.

#47 BintiRamani
Na anayeshika usukani ndiye anachagua muziki. Hiyo haijadiliwi.

#48 Kiti cha Nyuma
Inajadiliwa sana! Dereva ana usukani, mwendo, breki na honi. Sasa na muziki? Mwachieni abiria kitu.

#49 BintiRamani
Mwenye kusinzia ndiye anahitaji wimbo wa kumwamsha. Abiria avae vya masikioni.

#50 Mama Wawili
Avae vya masikioni halafu nani aongee na dereva asilale? Nyie ndio mnarudi mmenuniana.

#51 Msafiri_Kimya
Mimi nilichagua muziki. Mwenzangu alikuwa na spika ndogo yake kwenye begi, hakuitoa.

#52 Kiti cha Nyuma
Mods, naomba mleta mada aanze upya na aweke maelezo yote.